Saa za utumbo nje: vile mi huzinunua na kuzifufua hapa Lamu

Kuna mzee wa Mkomani alinijia kibandani na kitu amekifunga kwa leso, akaniambia mwanangu, hii ya marehemu baba, alikuja nayo kutoka safari zake za jahazi, haiendi miaka, hebu itazame. Kufungua leso nikakuta saa ya mfukoni haina uso, magurudumu yote yaonekana mpaka upande wa pili, na ukiinyanyua kuelekea mlangoni mwanga wapita katikati ya madaraja ya shaba. Mi kazi yangu ni kutengeza simu, saa ni mapenzi tu yaliyonishika nikiwa mkubwa. Siku hio sikutoa skrubu hata moja. Nilifungua mfuniko wa nyuma, nikakaa na lenzi kama dakika kumi hivi natazama gurudumu moja moja, afu nikaona uzi wa leso, mwembamba ule, umejizungusha kwenye ekseli ya balansi, lile gurudumu linalokwenda na kurudi. Nikauvuta kwa kibano polepole, nikaitia ufunguo kidogo, saa ikaanza kulia. Mzee akaniuliza sasa hapo umefanya nini cha kulipwa, na mimi mwenyewe sikuwa na jibu.

Basi mwongozo huu wote nauandika kwa sababu ya dakika kumi zile. Saa ya kawaida imejifunika, lazima uipasue ndio ujue ugonjwa, lakini hizi zimejianika zenyewe, na bado watu wanakimbilia bisibisi kabla ya kutumia macho.

Kwanza ujue unachokitafuta

Wengine huziita skeletoni. Diali, yaani uso wa saa, imetolewa au imetobolewa, na yale madaraja yanayoshika magurudumu yamekatwa mpaka yakabaki mifupa. Mambo yenyewe ni ya zamani, fundi wa Paris André-Charles Caron ndie hutajwa kuwa wa kwanza, miaka ya 1760 hivi, na mkwewe Jean-Antoine Lépine ndie alieacha kulifunika lile bamba zima juu ya magurudumu akaweka madaraja mbalimbali, ndipo saa ikapata nafasi ya kuonyesha tumbo lake.

Ukizunguka leo utakutana na aina kama tatu. Kuna zile zilizokatwa kwa mkono kweli, msumeno na tupa, hizi ni ghali na huku kwetu zikitokea basi ni kwenye sanduku la mtu ambae babu yake alikuwa baharia au mfanyabiashara. Kuna zile ambazo mashine yake ni ya saa ya mfukoni ya zamani, mtu akaikata baadae akaitia kwenye kasha jipya la mkononi, na hapa mashine utakayoiona sana ni Molnija 3602 ya Urusi, kiwanda kiko Chelyabinsk tangu 1947, hio 36 ni upana wake kwa milimita, ina vito 18, vile vijiwe vinavyoshika ncha za magurudumu, na inapiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara 5 kila sekunde. Nyingine ni Unitas 6497 ya Uswisi, milimita 36.6, vito 17, na nakala zake za Uchina. Afu kuna zile za Uchina zilizokatwa kwa mashine ya kugonga, elfu moja kwa siku zote sura moja.

Ushauri wangu kwa anaeanza: nunua ya aina ya tatu mbili, uziharibu. Wallahi sifanyi mzaha, utaharibu, bora uharibu ya bei rahisi. Ukishaweza kuifungua na kuirudisha ikatembea, ndio utafute Molnija au Unitas. Hizi za mkono wa fundi ziwache mpaka mikono iwache kutetemeka.

Kutazama kabla ya kulipa

Hapa ndio pesa huokoka kwa hio sitaharakisha.

Omba kukaa na saa mahali penye mwanga wa jua, sio taa ya duka. Lenzi ya mara 10 yatosha. Anza na kona za ndani za yale matundu yaliyokatwa kwenye madaraja. Kona ya ndani ikiwa kali kama ncha ya kisu, kuna mkono wa mtu na tupa hapo, mana mashine ya kuzunguka haiwezi kuchonga kona kali ya ndani, inaacha duara. Kona zote zikiwa za duara na kingo hazikulazwa mshazari, hio ni ya mashine. Watu wa huku tuna bahati ya jambo hili, tumekua tukiona milango ya nakshi, twajua tofauti ya patasi na mashine hata kabla hujafundishwa, sasa litumie jicho hilo hilo kwenye kitu kidogo.

Afu tazama vichwa vya skrubu. Mfereji ukiwa umetafunwa ujue kuna mtu alipita na bisibisi ya kutengezea redio. Skrubu moja iliyotafunwa si neno, lakini zote zikiwa hivyo basi na ndani kuna mengine. Skrubu za bluu nazo kuna bluu mbili, ile ya moto na ile ya rangi, ya moto ukiigeuza kwenye jua inacheza, mara nyeusi mara bluu, ya rangi iko vile vile tu.

Kutu. Huku kwetu kutu ndio adui, chumvi iko hewani usiku na mchana. Itazame kwenye sehemu za chuma, sana sana kile kijiti cha kutilia ufunguo na vidude vilivyo karibu nacho, mana unyevu huingia kwa mlango huo. Madoa ya kahawia kwenye kijiti ni sawa, yatatoka. Kutu kwenye unywele, ile springi nyembamba inayozunguka juu ya balansi, rudisha saa kwa mwenyewe na umshukuru.

Huo unywele wenyewe uutazame vizuri. Mizunguko yake iwe na nafasi sawa kutoka ndani kwenda nje na ilale sawa kama mkeka. Ikiwa mizunguko miwili imegandana, inaweza kuwa ni sumaku, au mafuta, haya yanatibika. Ikiwa umepinda umekaa kama kapu, hio kazi ni ngumu hata kwa mafundi.

Kisha itingishe kidogo ubavuni, usiitie ufunguo bado. Balansi izunguke kwa uhuru na irudi yenyewe. Ikizunguka huku yayumba juu chini kama gurudumu la mkokoteni, ncha ya ekseli imevunjika. Kwenye Molnija 3602 hii ni ya kawaida sana, hazikutiwa kinga ya mshtuko, ikianguka sakafuni mara moja imekwisha.

Jambo la mwisho ni majina. Ukiona saa ya utumbo nje ina jina kubwa la Uswisi limechorwa juu ya daraja, maua yamejaa kila mahali na bei ni nusu ya simu, usibishane na mtu, tazama mashine. Sura ya madaraja haidanganyi, hata yakikatwa. Jifunze sura ya Molnija na ya Unitas mpaka uzijue kama unavyojua punda wa jirani, utashangaa ni ngapi zinajiita kitu kingine. Mimi mwenyewe nimenunua moja hivo, nilitoa elfu nane nikidhani nimemlalia muuzaji, kumbe nimelala mimi.

Vyombo

Bisibisi za saa za saizi tano hivi, milimita 0.8 mpaka 2.0 zatosha, na jiwe la kuzinolea, mana bisibisi butu ndio inayotafuna skrubu. Vibano viwili visivyoshika sumaku. Lenzi. Pampu ndogo ya mpira ya kupuliza vumbi, usipulize kwa mdomo mana mate ni maji na chumvi. Vijiti vya meno vya mbao, vingi. Mswaki wa mtoto, ule laini kabisa. Vifuko vya mpira vya kuvaa kwenye ncha za vidole, kwa sababu jasho la huku likigusa shaba, asubuhi yake alama ya kidole imeshakaa kama muhuri, na kwenye saa hizi hakuna diali ya kuificha. Bakuli mbili tatu za gilasi zenye mifuniko. Shikio la kubania mashine.

Mafuta ya saa ni kitu ambacho usikwepe. Mafuta ya cherehani, ya nazi, ya baiskeli, yote nimeshaona watu wametia, na yote hugeuka gundi. Ya saa yenyewe Moebius 9010 ni mepesi kwa magurudumu yanayokimbia, na HP1300 au D5 ni mazito kwa yale yanayokwenda pole. Kichupa ni kidogo lakini ukiendelea polepole chakutosha miaka.

Mahali pa kazi sasa. Nyumba zetu hizi za mawe zamwaga chokaa, unakaa tu umetulia na unga mweupe unashuka kutoka darini. Mi nimefunga kipande cha turubai juu ya meza. Feni zima, najua joto, lakini feni itakurushia skrubu ya nusu milimita mpaka Manda. Kwa hio mimi hufanya baada ya alfajiri mpaka jua halijapanda, hewa bado baridi na mikono haijaanza jasho. Weka kitambaa cheupe mezani na kingine mapajani.

Kufungua

Piga picha. Kila skrubu unayotoa piga picha kwanza, simu unayo. Zile skrubu zipange kwenye kipande cha sponji au karatasi uliyochora sura ya mashine, kila moja mahali pake, mana zinafanana lakini urefu si mmoja na ndefu ikiingia pahali pa fupi itatokeza upande wa pili na kila mtu ataiona.

Toa akrabu kwanza, kwa kinyanyulio chake, ukiwa umetandika kipande cha nailoni chini yake usikwaruze. Tahadhari moja hapa: akrabu au namba zilizopakwa ile rangi ya kungaa gizani za kabla ya miaka ya 1960 mara nyingi ni radiamu, usiikwangue, usiipulize, usiioshe. Iwache kama ilivyo, na kama inapukutika ifunge kwenye kifuko usiifanyie kazi nyumbani kwenye watoto.

Sasa kamani. Hii hatua watu wanairuka afu wanalia. Kamani ni ule utepe wa chuma uliojikunja ndani ya pipa, ndio nguvu yote ya saa, na ikiwa imejaa ukatoa daraja, magurudumu yatajizungusha yote kwa mpigo na meno yatakatika. Ishike kichwa cha kutilia ufunguo kwa vidole viwili, kizungushe kidogo sana kama wataka kuongeza, utaona kile kizuio kidogo kinachoshika meno ya gurudumu la juu kimelegea, kisukume kando kwa kijiti cha meno, kisha kiwachie kichwa kirudi nyuma katikati ya vidole polepole, kikisugua ngozi, mpaka kiishe nguvu. Usikiwache kikuponyoke.

Ndio utoe daraja la balansi. Inyanyue pamoja na balansi yake ikining'inia kwenye unywele, lakini usiiwache ining'inie muda, igeuze iweke chali. Baada ya hapo iguse ile uma, kidude chenye vito viwili mfano wa nanga, iguse kwa ncha ya kijiti. Ikilala pale ulipoisukuma kama maiti, kamani imekwisha nguvu, endelea. Ikiruka upande wa pili yenyewe, bado kuna nguvu, rudia kuitoa. Kugusa huku kwachukua sekunde moja na kumeniokoa mara si chini ya tatu.

Kisha gurudumu la juu la kamani na mwenzake lililo karibu na kijiti. Skrubu ya huyo mwenzake kwenye saa nyingi inafunguka kinyume, upande wa kufungia. Zingine wameiwekea alama ya mifereji mitatu, zingine hawakuweka kitu. Ikikataa kwa nguvu ndogo, jaribu upande wa pili. Mi yangu ya kwanza niliilazimisha ikakatika kichwa, shina likabaki ndani, nikaenda nalo kwa sonara wa fedha akalitoa kwa msumari alioutengeza mwenyewe, akanidai kahawa tu, lakini alinicheka mpaka leo akiniona njiani.

Yaliyobaki ni madaraja na magurudumu. Madaraja yaliyokatwa ni membamba, yashike kwenye kingo nene karibu na skrubu, ukiyabana katikati yanapinda na hutaona mpaka saa ikatae kutembea.

Kuosha

Hapa nisikizeni vizuri. Wengi huenda duka la rangi wakanunua spiriti ile ya kuchanganyia polishi ya fanicha, wakatumbukiza kila kitu. Sasa waulize maseremala, ile spiriti wanainunua ya nini? Ya kuyeyushia shelaki. Na vile vito viwili vya kwenye uma, na kile kito kidogo chini ya balansi, vimegandishwa kwa shelaki hio hio. Ukivilaza kwenye spiriti, asubuhi utakuta vito chini ya bakuli kama punje za mchanga, na kuvirudisha kwa kipimo chake si kazi ya mtu wa nyumbani.

Kwa hio uma na balansi zioshe kwa benzini ya laita, ile ya vikopo vidogo. Dakika chache, zitingishe polepole, zitoe, ziwache zikauke juu ya karatasi isiyo na nyuzi. Madaraja, magurudumu na bamba waweza kuanza na benzini hio hio, ukasugua na mswaki wa mtoto, kisha ukasuuza kwa spiriti safi. Kila tundu la kito lisafishe kwa kijiti cha meno ulichokichonga ncha kali, kiingize kizungushe, kikitoka cheusi kichonge tena, rudia mpaka kitoke kama kilivyoingia. Saa iliyokaa miaka ishirini hapa mui utatumia vijiti kumi na tano. Na fanya mbali na jiko, madirisha wazi, mvuke wa benzini washika moto haraka kuliko unavyodhania.

Kutu ndogo kwenye chuma: tone la mafuta, kijiti cha mbao, subira. Usitumie ndimu. Najua ndimu yatoa kutu kwenye visu, lakini hio asidi inabaki kwenye vinyweleo vya chuma na baada ya mwezi utaona kutu imerudi na jamaa zake.

Afu shaba. Hii ni aibu yangu. Nilikuwa na bamba zuri lililofifia, nikachukua ile dawa ya kungarishia mabirika ya shaba, nikasugua, likang'aa kweli, kumbe ule ulikuwa mpako wa dhahabu mwembamba na mi nimeutoa wote, na ndani ya mistari ya michoro dawa ikakauka nyeupe ambayo mpaka leo haijatoka yote. Bamba lililopakwa lisisuguliwe kwa kitu chochote chenye mchanga ndani yake. Benzini, mswaki laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, likaushe hapo hapo kwa kitambaa na hewa ya moto ya mashine ya nywele, basi. Kama rangi imefifia iwache, ni umri wake.

Skrubu za bluu zilizoliwa na kutu waweza kuzirudishia rangi na ni kazi tamu. Zing'arishe kwanza mpaka ziwe kama kioo, alama yoyote ya kidole itatokea doa. Omba unga wa shaba kwa wachonga funguo, utie kwenye kikopo kidogo, uchomeke skrubu humo kichwa juu, kisha juu ya moto mdogo. Utaona zapita rangi moja moja: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha bluu iliyokolea, hapo joto ni karibu nyuzi 300, toa haraka mana baada yake inakuja bluu hafifu na kisha kijivu, na ikifika kijivu unaanza tena kusugua. Usiondoke, usijibu simu.

Kurudisha na kutia mafuta

Rudi kwa picha zako kutoka ya mwisho kwenda ya kwanza. Magurudumu yote yaingie kwenye vito vyake kabla hujakaza daraja. Liweke daraja juu, kidole kiwe kama hakipo, lisukume kidogo huku wagusa gurudumu moja moja kwa kijiti, utasikia linaketi. Skrubu usikaze mpaka gurudumu la kwanza ukiligusa linazungusha la mwisho bila kukwama. Nimesema bila kukwama. Ukikaza kwa hasira ncha itavunjika.

Mafuta: tone moja kwenye kila kito, kiasi cha kujaza nusu ya kile kibakuli kilicho kwenye kito, sio kufurika. Mepesi kwenye balansi, gurudumu la meno ya ndoano na lile la sekunde, mazito kwenye lile la kati na pipa la kamani. Ncha za uma hazitiwi mafuta kabisa, pale ni uso wa vito vyake tu unaogusa meno ndio unataka kidogo sana. Kwenye saa ya kawaida mafuta yakizidi hujui, kwenye hizi utayaona yametambaa juu ya daraja yanang'aa, na vumbi linakuja kuketi humo kama nzi kwenye halua.

Balansi ya mwisho. Kile kito chini yake kiingie kwenye pembe za uma. Kikiingia, saa iliyo na ufunguo kidogo inaanza yenyewe, na hakuna sauti nzuri kama hio.

Kuipima

Kuna apu za simu zinazosikiliza mlio na kukwambia inaenda mbele au nyuma sekunde ngapi kwa siku. Fanya usiku, mchana kuna punda na mafundi wa boti. Siku nzima ina sekunde 86,400, kwa hio saa ya mashine ya mfukoni iliyo na umri ikikosea nusu dakika kwa siku mi naona imefanya vizuri sana. Apu nyingine hukupa na pembe ya kuyumba kwa balansi, ikiwa imelala chali na ufunguo umejaa tafuta digrii 270 hivi, chini ya 200 kuna uchafu au kamani imechoka.

Kurekebisha ni kile kishale juu ya daraja la balansi, kisukume upana wa unywele tu. F ni kwenda mbele, S ni kupunguza, na za Kifaransa zimeandikwa A na R. Ikiwa yaenda mbele dakika nyingi kwa siku usiguse kishale, kwanza iweke karibu na dira ya simu. Sindano ikicheza basi ni sumaku, mizunguko ya unywele imeshikana, na kuna kidude cha bei rahisi cha kuitoa.

Nikisema kuipima, kuna mama mmoja wa Langoni alinirudishia saa akasema mwanangu umeiharibu, yaenda mbele masaa sita. Kumbe mimi nimeitia saa ya simu, na kwake saa zote, mpaka ya ukutani, akrabu zimepangwa kwa saa zetu, jua likichwa ni saa kumi na mbili na uso wa saa waonyesha kumi na mbili. Tangu hapo nauliza.

Ukitaka kukata mwenyewe

Saa nzima ya zamani usiikate, mi ni mkali kwa hilo. Tafuta mashine iliyokufa, Molnija au nakala ya 6497, madaraja yake ni manene. Chora kwanza kwa sindano, na mahali pa kito, pa skrubu na pa vile vijiti vya kulengea uzungushe duara usilivuke kwa hali yoyote. Toboa tundu la milimita moja katikati ya unapotoa, pitisha uzi wa msumeno wa sonara, meno yakitazama chini, upake nta kidogo. Msumeno unakata ukishuka tu, usiusukume, na kona igeuze bamba sio mkono. Kisha tupa ndogo ya kumalizia, na kingo uzilaze nyuzi 45 mpaka mwanga ukae juu yake kama mstari. Daraja moja lilinichukua wiki mbili za asubuhi. Nilivunja nyuzi kumi na moja. Na usiwe na tamaa, ukitoa shaba nyingi daraja linaanza kunesa, magurudumu yanakosa nafasi yake na saa inakuwa pambo.

Kuiweka

Kioo cha plastiki kikikwaruzika, kitoe kwenye saa, dawa ya meno na kitambaa laini, kizungushe dakika tano. Cha gilasi dawa ya meno hakiisikii.

Usiku isilale wazi dirishani, hasa wakati wa kusi. Mi naziweka kwenye gudulia la kioo lenye mfuniko wa mpira na vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ndani yake ni silika jeli, zile punje nikiona zimechoka nazimimina kwenye sahani nazikausha ovenini moto mdogo nazirudisha kwenye vifuko vya kitambaa. Itie ufunguo hata kama huvai, mara moja kwa wiki, mafuta yasilale. Miaka minne mitano ifungue tena.

Na ukiwa wapanda boti kwenda Shela au Manda ivue kabla ya kufika jeti, itie kwenye kifuko cha nailoni uifunge fundo. Hizi saa haziingii maji kidogo, zinaingia maji yote, na ikishapigwa na wimbi usingoje kufika nyumbani: fungua mfuniko, ioshe kwa maji matamu ile chumvi itoke, ikung'ute, afu itumbukize kwenye benzini ya laita siku hio hio, usiku usiipitie.